Kupima Ukuta Wenye X

Nyumba yetu ya Gongoni, hapa Tabora, iko kando ya barabara, na wazee wanasema barabara hiyo ndiyo ile ile waliyopita wapagazi na mizigo yao zamani. Mimi sikuwepo. Nilichokiona kwa macho yangu ni watu wa kupanua barabara, waliokuja asubuhi moja na futi kamba ndefu, wakapima kutoka katikati ya lami mpaka barazani kwetu, wakanong'onezana, kisha kijana mmoja akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu na kutuchorea X kubwa ukutani, kati ya mlango na dirisha la sebule. Hata hodi hakubisha. Nilitoka jikoni mikono imejaa unga, nikamuuliza, "Baba, huo ukuta ni wa mama yako?" Akatabasamu akasema, "Mama, mimi natumwa tu." Wakahamia kwa jirani.

Ambaye hajaishi kwenye nyumba yenye X hawezi kuyajua maisha hayo. Hakuna anayekuja kubomoa, na hakuna anayekuja kukuambia ubaki. Tuliambiwa tusiendeleze kitu chochote, basi. Bati likitoboka, unaweka beseni. Kitasa kikifa, unafunga kwa kipande cha kanga. Plasta ikidondoka, unafagia na kumwaga nje. Miaka ikapita hivyo, nyumba ikawa kama mgonjwa ambaye ndugu wameshaanza kugawana nguo zake. Mume wangu, mstaafu wa reli na mtu mwangalifu kupita kiasi, kila nikilalamika alisema, "Mama watoto, nani anampaka mafuta ng'ombe wa kuchinjwa?" Nilikuwa nauchukia msemo huo.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi barazani, mgongo nimeupa ukuta, kwa hiyo wateja wakiniangalia wanaiona X juu ya kichwa changu. Wengine walikuwa wananitania: "Fundi, harakisha gauni langu kabla hujabomolewa." Nilicheka nao kwa sababu mteja ni mteja. Moyoni nilikuwa natamani kumchoma mtu sindano.

Kisha binti yetu wa mwisho akaposwa. Alikuwa anafanya kazi Morogoro, akampata kijana huko, Mluguru, mpole, shikamoo yake haikauki mdomoni. Mahari ilizungumzwa ikaisha vizuri. Ikabaki siku ya kumuaga binti, ambapo wazazi wa kijana na ukoo wao wangekuja Tabora kumchukua kutoka kwa baba yake na mama yake. Na Waluguru ni watani wetu sisi Wanyamwezi. Babu zetu walipita kwao na mizigo wakienda pwani, wakagombana, wakapatana, wakaachiana utani mpaka leo. Mtani akija kwako anasema lolote, anachukua lolote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akaja kutoka Igunga na gunia la mchele. Sikatai, ni mtu mkarimu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanywa chai vikombe viwili bila kusema la maana. Halafu akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "binti tutamuagia kwangu, Igunga. Nina ua mkubwa, nina marumaru mpaka chooni. Na mabasi ya kutoka Morogoro yanapita pale pale, wageni hawatasumbuka kuja mpaka huku."

"Na hapa pana nini?" nikauliza.

Mume wangu akaanza kuangalia ndani ya kikombe chake, utadhani kuna samaki.

"Usinielewe vibaya," shemeji akasema. "Watu wanatoka mbali. Wakifika wakaona X mlangoni, watasema huyu mwali tumeokotewa barabarani."

Nilifura. Mdomo wangu hauna breki, na siku hiyo sikutafuta breki. Nikamwambia kwamba huyo binti alijifunza kusimama akiwa ameushika ukuta huu huu, kwamba alisomea kwa kibatari chini ya dirisha lile pale, na kwamba atatoka nyumbani kwa mlango wa kwao, si kwa mlango wa kuazima. Nikamwambia, "Shemeji, ukitaka kumuaga mwali Igunga, mzae wa kwako." Kwa kweli nilimpa vidonge vyake vyote, bila maji.

Shemeji hakugomba. Akasema taratibu, "Nyumba njema si mlango."

"Basi usiuogope mlango wangu."

Akasimama, akavaa kofia. Kwetu baba mkubwa ana sauti juu ya mtoto, kila mtu analijua hilo, na yeye alijua kwamba nalijua. "Nitarudi wiki ya shughuli," akasema. "Nikikuta pako hivi hivi, wageni wanashukia Igunga. Na hilo sitalijadili tena." Mume wangu akamsindikiza mpaka stendi.

Aliporudi alinikuta sebuleni nimepanda stuli, tepu yangu ya cherehani nimeinyoosha ukutani, chaki mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Ukuta. Napaka rangi nyumba nzima. Shika huku chini."

Akasimama tu. Akaniambia kwamba naelewa maana ya X, kwamba nyumba hii si yetu tena ila kwa jina, kwamba tutapaka leo na kesho tingatinga lije. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Watu wa barabara walikuja hapa wakapima ili waivunje nyumba yangu. Wakapima kutoka lami mpaka baraza, wakachora, wakaondoka. Mimi niliyeijenga sijawahi kuipima hata mara moja. Leo naipima, na siipimi ili nivunje. Shika tepu au nipishe."

Akashika.

Tepu ya cherehani ni fupi, haifiki hata kimo cha mtu mzima. Ukipima nayo ukuta unapiga alama ya chaki, unahamisha, unapiga tena. Mume wangu alishika mwanzo wa tepu, mimi nikasoma mwisho, tukatambaa hivyo ukuta kwa ukuta, wazee wawili, magoti yanalia. Nilisema namba, naye akaziandika kwa chaki kwenye meza yangu ya kukatia. Chumba cha kwanza hakuzungumza. Chumba cha pili akaanza kunikosoa.

"Hapo umelegeza. Vuta."

"Nimevuta."

"Hujavuta, tepu imekaa tumbo. Ndiyo maana wateja wako wanalalamika nguo zinabana."

Nikajua amerudi.

Kuta zetu hazikunyooka. Matofali tuliyafyatua wenyewe tukiwa vijana, tukakanyaga udongo kwa miguu, tukayachoma kwenye tanuri nyuma ya nyumba kwa magogo ya mti aliyoleta mume wangu kutoka kwao Goweko. Mengine yaliiva sana yakasinyaa, mengine yakabaki manene. Kwa hiyo ukuta ukiupima chini unapata namba moja, ukiupima juu unapata nyingine. Mume wangu akauliza tuandike ipi. Hilo ndilo nililokuwa nalijua vizuri kuliko yeye. Mwili wa mtu nao haukunyooka, na nguo haikatwi kwa kufuata pale palipo pembamba. "Andika kubwa," nikasema. "Na ongeza akiba." Akaandika.

Tulipofika ukuta wa nyuma, karibu na jiko, aliweka kiganja chake juu ya tofali lililotokeza akasema, "Hili lilikuponda kidole." Kweli. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, tofali likanidondokea mguuni, na yeye akanibeba mpaka hospitali mgongoni kama mtoto. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamwambia asijifanye kachoka, bado mbele.

Kwa ukuta wa mbele akasita. Magari yalikuwa yanapita, watu wanapita, na X ipo pale inatazama barabara. "Huu tuuache," akasema kwa sauti ya chini. "Ukiifuta hii ni kesi."

"Nani kasema naifuta? Shika."

Tukapima ukuta wote, urefu na kimo. Kisha tukapima mlango na madirisha, maana hayo hayapakwi, yanatolewa kwenye hesabu. Halafu nikaichukua tepu, nikaipima X yenyewe, kutoka mguu mpaka mguu na kutoka juu mpaka chini, na nafasi ndogo ya kupumulia pembeni. Mume wangu akanitazama.

"Mlango tunatoa," nikamwambia, "madirisha tunatoa, na hii nayo tunatoa. Si yetu. Tuliyobakiwa nayo yote tunapaka."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti changu cha cherehani na kujifuta macho kwa kofia. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu astaafu, na niseme ukweli, nilitaka kumkumbatia pale pale barabarani, watu waseme watakavyo.

Fundi rangi tuliyemwita alisimama mlangoni, akazungusha macho mara moja, akatangaza, "Chumba ndoo moja, mama, hesabu yetu ni hiyo." Nikamwonyesha meza yangu ya kukatia iliyojaa namba. Akazisoma kwa heshima, akasema sawa, tutafuata zako. Lakini ukuta wa mbele akaukataa. "Ule siugusi. Nikionekana nao wataniuliza mimi, hawatakuuliza wewe." Sikumlaumu, ana familia. Nikamwambia apake ndani, nje nitapaka mwenyewe.

Rangi tulibishania. Mume wangu alitaka nyeupe, eti ni ya heshima. Nyeupe Tabora? Mvua moja tu na tope jekundu linaruka mpaka magotini, nyumba inageuka gunia la viazi. Nikachagua rangi ya maziwa, na chini mkanda wa kahawia wa rangi ya mafuta, unaofutika kwa kitambaa. Akakubali baada ya siku mbili za kununa.

Ndani fundi akasugua kwa msasa, akaziba nyufa, akapaka mkono wa kwanza. Kuta zetu zilikuwa zimekaa na kiu muda mrefu, zikanywa rangi mpaka nikaogopa. Mkono wa pili zikatulia. Jioni nilipowasha taa nikasimama katikati ya sebule nikalia, si kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Miaka yote hiyo tuliishi kwenye giza la kujitakia, tukisubiri ruhusa ya watu ambao hata majina yetu hawayajui.

Nje nikaanza kesho yake, asubuhi na mapema, kanga kichwani. Mwendesha bodaboda akasimamisha pikipiki.

"Mama, nyumba hiyo si ina X?"

"Ndiyo, ina X. Na mimi nina brashi."

Akaondoka akitikisa kichwa. Mwingine akaniambia naharibu pesa. Mama mmoja anayeuza maandazi akasimama kabisa, akatua beseni, akanitazama kama anayeangalia mpira. Nilipofika kwenye X nikabadilisha brashi, nikachukua ndogo. Nikaizungushia pembeni polepole, ninavyopitisha mkasi kwenye shingo ya gauni la harusi, bila kuigusa hata kidogo. Nilipomaliza, X ilibaki ndani ya mraba wake wa plasta ya zamani, na ukuta mzima umeizunguka umependeza. Ilionekana ndogo. Sikulitarajia hilo. Kwa miaka yote nilidhani ni kubwa kuliko nyumba.

Tulipomaliza, ndoo nzima ya rangi ilikuwa haijafunguliwa. Mume wangu akarudi kwenye meza ya kukatia, akazipitia namba zangu moja moja, akaniita.

"Hii akiba uliyosema niongeze, niliongeza ya nini?"

"Ya mshono," nikasema.

"Kila ukuta?"

"Kila ukuta."

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Mke wangu, ukuta hauna mshono."

Alinitania kwa wiki nzima. Mpaka leo akitaka kunitibua ananiuliza kama ukuta ukinenepa tutaufumua. Lakini ndoo ile haikupotea. Jirani yetu, mjane, mwenye X kama yetu, alikuwa akichungulia kazi yangu siku zote hizo bila kusema kitu. Jioni hiyo alikuja, akazungumza habari za mvua, habari za bei ya mkaa, kisha akauliza kama ukuta wake wa mbele unaweza kupimwa. Nikachukua tepu. Safari hiyo sikuongeza akiba.

Shemeji akarudi wiki ya shughuli kama alivyosema. Aliteremka kwenye bajaji, akasimama upande wa pili wa barabara, mikono nyuma. Alitazama nyumba yetu, akatazama ya jirani, akarudi kwenye yetu. Nilikuwa barazani nashona gauni la binti, na nilijilazimisha nisinyanyue kichwa. Mume wangu akatoka ndani. Nilidhani atampokea mzigo kaka yake na kunyamaza kama kawaida yake. Akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, "Kaka, shikamoo. Mwanangu anaagiwa hapa. Karibu ndani."

Shemeji akavuka barabara. Akaingia, akapitisha kiganja kwenye ukuta wa sebule, akakagua kiganja kama kimeshika rangi. Hakikushika. "Wazee mtawakalisha upande gani?" akauliza. Nikatoka kwenda kumwekea chai, na nikaitia tangawizi nyingi, anavyoipenda.

Siku yenyewe ikafika. Maturubai yakafungwa uani, masufuria yakapanda motoni, Waluguru wakaja na nyimbo zao tangu mwanzo wa mtaa. Mbele yao alikuwa bibi yake bwana harusi, mfupi, ana fimbo asiyoihitaji. Alipofika mbele ya nyumba akasimama. Wote nyuma yake wakasimama. Akainyoosha fimbo kwenye X, na nyimbo zikakatika. Nilimwona shemeji ameinamisha uso. Nilimwona binti yangu kwenye upenyo wa pazia la mlango, amevaa gauni nililomshonea, mkono mdomoni.

"Wanyamwezi," bibi akasema, "mna akili siku hizi. Mlijua sisi watu wa milimani tutapotea mjini, mkatuwekea alama kwenye nyumba ya mwali."

Watu wakaangua kicheko. Hata shemeji alicheka, mabega yote.

"Sasa mwali tunaondoka naye," bibi akaendelea. "Alama ya nini tena? Ifuteni."

Utani hujibiwa, na aliyepaswa kujibu ni mimi. Nikashuka barazani, nikasimama mbele yake.

"Hatufuti, mtani," nikamwambia. "Siku mtakapomliza, mtamrudisha. Tunaiacha ili mjue pa kumleta."

Kicheko kikapanda tena, vigelegele vikapigwa, bibi akanipiga begani kwa fimbo yake na kuniita mchawi. Ulikuwa utani. Lakini niliyasema nikiwa nayaamini, na kuna mtu mmoja aliyelijua hilo. Saa ya kuondoka ilipofika, shangazi zake wakiwa wamemfunika kanga, binti alisimama kizingitini akanishika mkono kwa nguvu, akanong'ona, "Mama, na watu wa barabara wakija wakabomoa?"

Sikumwambia hawatakuja. Sijamlea kwa uongo.

"Utanikuta nimekaa juu ya matofali," nikamwambia. "Hapa hapa. Haya, nenda."

Akatoka kwa mlango wa kwao.